Ngoma Ndani ya Ngome

Je, yafaa watu wacheze na kufurahi mahali palipojengwa kwa ajili ya vita? Swali hili si la mzaha, wala si la wazee peke yao. Msomaji kijana, wewe ndiwe utakayelijibu siku moja, kwa kuwa katika kila nchi kuna kuta za kale, na katika kila kizazi kuna vijana wapendao muziki. Mambo haya mawili hayana budi kukutana. Yakutanapo, mtu mmoja husema, "Nyamazeni, hapa walikufa watu." Mwingine hujibu, "Waliokufa wamekwisha kufa. Mimi ni hai, niacheni nicheze." Kila mmoja ameshika kipande cha haki mkononi mwake, na kila mmoja adhani ameishika haki yote. Nia ya insha hii ni kuyapima maneno ya wote wawili.

Swali la namna hii halipimwi vyema hewani. Lataka mahali panapojulikana, penye jina na tarehe. Nimechagua ngome moja ya Ulaya, na nimechagua ya mbali kwa makusudi. Jambo la nyumbani huamsha hasira kabla ya fikira. Jambo la mbali hutupa nafasi ya kufikiri kwanza, kisha tukarudi nyumbani na mizani iliyo tayari.

Ngome hiyo ni Petrovaradin. Yasimama juu ya jabali kando ya mto Danube, ng'ambo ya mji wa Novi Sad, kaskazini mwa Serbia. Watawala wa Austria wa ukoo wa Habsburg walianza kuijenga kwa umbo lake la sasa mwaka wa 1692, na kazi haikwisha mpaka 1780. Hesabu, msomaji: ni miaka 88. Mwashi aliyeweka jiwe la kwanza hakuliona la mwisho. Chini yake zilichimbwa njia za ardhini zenye urefu wa kilomita 16 hivi, katika matabaka 4, ili askari waweze kupita bila kuonekana na kuwapiga adui kupitia matundu ya ukutani. Juu ya mnara wake iko saa ya ajabu: mshale mrefu huonyesha saa, na mfupi huonyesha dakika, ili mabaharia wa mtoni waweze kusoma saa wakiwa mbali.

Mahali hapa pana historia nzito. Tarehe 5 Agosti 1716, mbele ya ngome hii, jeshi la Austria likiongozwa na Prince Eugene wa Savoy lilipigana na jeshi la dola ya Uthmaniya. Wauthmaniya walishindwa, na waziri wao mkuu, Damat Ali Pasha, akauawa vitani pamoja na maelfu ya askari. Tarehe 12 Juni 1849, katika vita vya mapinduzi ya Wahangari, mizinga ya ngome iliugeukia mji wenyewe. Novi Sad iliungua, na sehemu kubwa ya nyumba zake ikawa majivu. Tazama jambo hilo vizuri: ngome iliyosimama miaka mingi kama mlinzi wa mji ndiyo iliyouteketeza. Silaha haimjui mwenyewe. Humjua aliyeishika siku hiyo. Katika vita vikuu vya kwanza askari mmoja kijana, Josip Broz, alifungwa ndani ya kuta hizo. Baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Tito, rais wa Yugoslavia. Na Januari 1942, katika vita vikuu vya pili, majeshi ya Hungaria yaliyoukalia mji yaliwaua zaidi ya watu 1,000, Wayahudi na Waserbia, na wengi wao wakatupwa katika maji baridi ya Danube, chini ya macho ya ngome hiyo hiyo.

Hapo ndipo mahali penyewe. Sasa tuutazame muziki.

Muziki ninaousema huitwa hausi, nao una matawi mengi. Tawi moja ni hausi ya kina, yenye sauti tamu zinazopanda na kushuka taratibu. Mpigaji wake huitwa dijei. Yeye hapulizi tarumbeta wala hapigi zeze. Kazi yake ni kuunganisha santuri. Mbele yake ziko mashine mbili au zaidi za kupigia nyimbo, na katikati yake iko mashine ya kuchanganyia sauti. Kwa sikio moja husikiliza wimbo ambao watu wanaucheza. Kwa sikio la pili, lililofunikwa kisikizio, husikiliza wimbo ujao, ambao watu bado hawajausikia. Huuongeza mwendo au kuupunguza mpaka mapigo ya nyimbo zote mbili yaende sawa. Kisha huuingiza wimbo wa pili polepole chini ya wa kwanza, mpaka wa kwanza utoweke bila mchezaji kujua ni saa ngapi umetoweka. Hausi ya kina huenda kwa mapigo yapata 120 hadi 125 kwa dakika. Pigo zito la chini huja bila kukosa, kama moyo wa mtu apandaye mlima. Juu yake huja besi nene, na juu ya besi vinanda vya umeme vyenye sauti laini. Maneno huwa machache. Ukiona vyaelea, vimeundwa: muziki usikikao kuwa mwepesi huwa umefanyiwa kazi nzito.

Muziki huu haukuzaliwa katika makasri. Ulizaliwa Chicago, Marekani. Mwaka wa 1977 ilifunguliwa huko nyumba ya dansi iliyoitwa Warehouse, na dijei wake alikuwa Frankie Knuckles. Waliojaa humo walikuwa hasa vijana weusi na vijana wa asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao wakiwa watu waliobaguliwa kwa rangi yao au kwa namna ya maisha yao. Yasemekana jina la hausi lilitokana na jina la nyumba hiyo. Wakati ule ule chuki ilikuwa ikiwaandama. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa mchezo wa Comiskey Park mjini Chicago, sanduku kubwa la santuri za disko, muziki uliokuwa mzazi wa hausi, lililipuliwa kwa baruti mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Wengi wa walioupenda muziki ule walijiona kuwa wao ndio waliolipuliwa. Hawakujibu kwa baruti. Waliendelea kucheza, na vijana wao wakatunga. Katikati ya miaka ya 1980, Larry Heard, mpiga ngoma wa mji huo huo, alitumia vinanda vya umeme na mashine ya ngoma kutunga nyimbo za utulivu na fikira, na kwa nyimbo hizo hausi ya kina ikapata njia yake.

Muziki wa watu waliofukuzwa, basi, na ngome ya watu waliotawala: vitu hivi viwili vilikutanaje?

Vilikutana kwa sababu ya vita vingine. Miaka ya 1990 Yugoslavia ilivunjika vipande vipande kwa damu. Serikali ya Slobodan Milošević huko Belgrade iliingia katika vita vya Kroatia, Bosnia na Kosovo. Vijana wa Novi Sad walikua katika hofu, umaskini na aibu. Aprili 1999 ndege za NATO ziliangusha madaraja 3 makubwa ya mji wao, na Danube ikawa ukuta kati ya nyumba na nyumba. Mwaka uliofuata, wanafunzi wa chuo kikuu walianzisha mkutano wa muziki na mazungumzo kando ya mto, ambao ulidumu karibu siku 100 kabla ya uchaguzi wa Septemba. Waliupa jina la Exit, neno la Kiingereza lenye maana ya njia ya kutokea. Walitaka vijana wenzao wakapige kura na kuutoa mji wao katika giza. Tarehe 5 Oktoba 2000 utawala wa Milošević ulianguka. Mwaka wa 2001 mkutano ule ulihamia ndani ya ngome ya Petrovaradin, ukawa ukirudi kila mwaka wakati wa kiangazi.

Ndani ya ngome hiyo lilikuwako handaki pana kati ya kuta mbili ndefu. Wajenzi walilichimba ili adui ashukaye humo apigwe risasi kutoka juu, asiwe na pa kukimbilia. Handaki hilo ndilo lililofanywa uwanja wa dansi. Maelfu ya vijana walisimama pale pale ambapo mpango wa wajenzi ulikuwa wafe watu. Vipaza sauti viliwekwa, dijei akapanda jukwaani, na ngoma zililia usiku kucha mpaka jua likachomoza juu ya kuta na kuwakuta watu wangali wakicheza. Mmoja wa waliopiga muziki katika ngome ile, tena si mara moja, ni dijei Solomun, ambaye hausi yake ni ya kina na yenye sauti tamu. Alizaliwa Travnik, Bosnia, mwaka wa 1975, wakati Bosnia na Serbia zilipokuwa nchi moja, akalelewa Hamburg, Ujerumani. Kati ya mji aliozaliwa na ngome aliyopigia muziki kuna mpaka wa nchi na kumbukumbu ya vita.

Sasa tuwasikilize wagomvi wetu wawili.

Wa kwanza asema: kucheza juu ya makaburi ni kuwatukana wafu. Neno hili ni zito, wala halipaswi kuchekwa. Mtu aliyekufa hawezi kujitetea. Hana kinywa cha kukataa, wala mkono wa kumzuia mlevi asikojoe penye damu yake. Kama walio hai hawatamlinda, nani atamlinda? Lakini neno hili lina kosa moja: ladhani ngoma na kifo ni maadui siku zote. Sisi wa nchi hii twajua kuwa si hivyo. Wamijikenda wana ngoma ya kifudu, na ngoma hiyo ni ya matanga. Kwa Wajaluo, kifo cha mzee aliyeheshimiwa kilifuatwa na tero buru: ng'ombe, nyimbo, ngoma na mbio za kukifukuza kifo nje ya boma. Je, watu hao waliwadharau wafu wao? La. Waliwaheshimu kwa miguu, kama wengine waheshimuvyo kwa kimya. Basi ngoma yenyewe si tusi. Kimya nacho si heshima daima, maana wengine hunyamaza kwa sababu wamesahau tu.

Wa pili asema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mawe hayana masikio. Niacheni nifurahi, kwa kuwa ujana ni mfupi. Neno hili nalo lina ukweli. Kama kila mahali palipomwagika damu pangefungwa, binadamu asingepata pa kuweka mguu, maana dunia yote imelowa. Na vijana wa Novi Sad, ambao hawakuchagua vita wala madaraja yaliyoanguka, walikuwa na haki ya kufurahi kuliko wengi. Lakini neno hili lina kosa lake pia, nalo ni kubwa zaidi. Methali yasema tugange yajayo, na mganga asiyeuliza ugonjwa ulianzaje hawezi kuganga. Mtu asemaye kuwa mawe hayana masikio ayatumia mawe hayo hayo kwa sababu ya uzuri wake na ukubwa wake. Achukua utukufu wa historia akaacha deni lake. Hufanya kama mrithi apokeaye shamba na kukana madeni ya marehemu.

Wote wawili, basi, wamekosa kuuliza swali lililo la lazima. Mmoja auliza, "Je, panachezwa?" Mwingine auliza, "Je, pana raha?" Swali la haki ni hili: anayecheza hapa ajua anakanyaga nini, na aliyeumizwa hapa asemaje?

Kwa swali hilo twapata mizani tatu.

Mizani ya kwanza ni jeraha. Yapasa tuulize ni nani aliyeumizwa mahali hapo, na kama jeraha lake bado bichi. Ngome si sawa zote. Kwenye pwani ya Ghana iko ngome ya Elmina, iliyoanzwa na Wareno mwaka wa 1482, na si mbali nayo iko ngome ya Cape Coast. Katika vyumba vya chini vya ngome hizo walifungiwa Waafrika waliouzwa utumwani, kabla ya kuvushwa bahari wasirudi tena. Leo wazao wa watu hao hutoka Marekani na visiwa vya Karibi kuja kulia katika vyumba vile. Kupeleka vipaza sauti na vinywaji humo kwa ajili ya starehe kungekuwa ukatili, hata kama muziki wenyewe ungekuwa mtamu kama asali. Hapo hapana haja ya mjadala mrefu: mwenye jeraha yupo, na alia. Petrovaradin ni tofauti. Waliouingiza muziki humo walikuwa watoto wa mji ule uliochomwa na ngome ile. Mji uliopigwa mizinga mwaka wa 1849 ndio uliopanda mlimani mwaka wa 2001 na kuitwaa ngome kwa nyimbo. Mcheza kwao hutunzwa. Mgeni ajapo kucheza juu ya jeraha la mwenzake hana haki hiyo, hata akilipa kiingilio kikubwa.

Mizani ya pili ni maarifa. Furaha isiyojua inapokanyaga ni kama mtoto achezeaye fuvu akidhani ni kibuyu. Mtoto husamehewa, mtu mzima aliyesoma hasamehewi. Kwa mizani hii, hata wachezaji wa Petrovaradin hawakutoka wote safi. Wale walioanza mwaka wa 2000 walijua sana kwa nini wanacheza. Lakini mkutano ulipopata sifa, wageni walimiminika kutoka nchi nyingi, na si kila mgeni aliyejua habari za 1849 wala za 1942. Kwa asiyejua, ukuta wa ngome ulikuwa pambo tu nyuma ya picha yake. Simlaumu kwa kucheza. Namlaumu kwa kutouliza. Na zaidi ya yeye namlaumu kila mwandaaji wa starehe, mahali po pote duniani, auzaye uzuri wa kuta za kale bila kusema hadithi yake, kwa kuwa mteja hununua alichowekewa mezani.

Mizani ya tatu ni kesho. Je, baada ya ngoma mahali patabaki salama? Jiwe ni gumu, lakini miguu ya maelfu ni migumu pia, na misumari ya majukwaa, na mitetemo ya besi, na uchafu ulioachwa alfajiri. Jirani alalaye chini ya ngome naye ni mtu. Usingizi wake si mali ya wachezaji. Mahali pa kale si petu peke yetu. Tumepewa na waliotangulia, na twadaiwa na watakaofuata. Mtu atumiaye usiku mmoja kuharibu kilichojengwa kwa miaka 88 amewaibia watu wasiozaliwa.

Huenda ukauliza, msomaji: je, kuna faida gani katika ngoma ya ngomeni hata tujisumbue kuipimia mizani? Si afadhali kuifunga milango, tukawa salama na lawama? Nakujibu kuwa faida iko, nayo ni hii. Ngome hujengwa kwa fikira moja: kwamba mtu wa nje ni adui. Kuta, mahandaki na matundu yake yote ni maneno ya sentensi hiyo. Watu waliokuwa maadui wakisimama pamoja ndani yake, wakaenda kwa pigo moja, sentensi ile imekanushwa bila jiwe kuvunjwa. Tafakari habari ya dijei aliyezaliwa Bosnia akiwapigia muziki vijana wa Serbia katika handaki la vita. Lakini tusidanganyike. Muziki haukuwafufua waliouawa Bosnia, wala haukuwahukumu wauaji. Kazi hiyo ni ya mahakama na ya dhamiri. Ngoma haiwezi kuleta haki. Yaweza tu kuwakumbusha watu kwamba walio mbele yao ni watu, na bila kumbukumbu hiyo hata mahakama hufanya kazi bure.

Tena furaha yenye kumbukumbu hujaribiwa. Ikijaribiwa, ndipo ijulikanapo kama ni ya kweli. Tarehe 1 Novemba 2024 paa la zege lililotokeza mbele ya stesheni ya reli ya Novi Sad lilianguka juu ya watu, na vifo vikafika 16. Wanafunzi wa Serbia walitoka barabarani, wakasimama kimya kuwakumbuka wafu, wakataka ukweli usemwe na waliohusika wawajibishwe. Waandaaji wa Exit waliamua kuwa upande wa wanafunzi. Wangaliweza kusema kwamba wao ni watu wa muziki tu, na kwamba siasa haiwahusu. Wengi husema hivyo, na hulala usingizi. Baadaye walitangaza kuwa wamenyimwa fedha za umma kwa sababu ya msimamo wao, na kuwa mkutano wa Julai 2025 ungekuwa wa mwisho kufanyika nchini Serbia. Mtu aweza kupingana nao katika mengi. Lakini ni vigumu kusema kwamba walicheza kwa sababu walisahau. Ngoma iliyoanzishwa na wanafunzi mwaka wa 2000 ilikubali kupoteza nyumba yake baada ya miaka 25 kwa ajili ya wanafunzi wengine.

Sasa turudi nyumbani na mizani yetu. Sisi tunayo Fort Jesus, Mombasa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, na ndani yake watu walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Waingereza waliifanya gereza mwaka wa 1895, na ilibaki gereza mpaka 1958. Mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Siku moja huenda ukawa mkubwa wa halmashauri, au mwanamuziki, au mkazi tu wa Mji wa Kale ambaye dirisha lake latazama ngome hiyo, na mtu akaja kuomba ruhusa ya kupiga muziki ndani yake usiku kucha. Utajibu nini? Usijibu ndiyo kwa sababu ya fedha, wala usijibu la kwa sababu ya uvivu wa kufikiri. Uliza kwanza: ni nani walioumia humo, na wazao wao wasemaje? Watakaocheza wataambiwa nini kabla ngoma haijaanza? Asubuhi yake jiwe na jirani watakuwa katika hali gani? Ukipata majibu mema kwa maswali hayo matatu, fungua mlango bila hofu. Ukipata majibu mabaya, ufunge bila haya.

Najua kuwa kijana hapendi kuambiwa apime kabla ya kucheza. Huona kuwa kupima huua furaha. Lakini mtazame tena dijei kazini. Yeye hafurahishi watu kwa kusahau wimbo uliopita. Huusikiliza mpaka pigo lake la mwisho, huku akiushika ujao, na huacha mmoja umpokee mwingine bila kumkanyaga. Akishindwa kuusikiliza wa kwanza, wa pili huingia kwa vurugu, na wachezaji wote hujikwaa. Vivyo hivyo kizazi. Walio hai wana haki ya wimbo wao, na hakuna kaburi liwezalo kuwanyima haki hiyo. Lakini waingie kwa kufuata pigo la waliotangulia, si kwa kulizima.

Basi ukisikia ngoma ikilia ndani ya ngome, usiharakishe kulaani, wala usiharakishe kushangilia. Uliza ni nani apigaye, ni nani alizwaye, na ni nani ajuaye. Furaha si tusi kwa wafu. Tusi ni furaha isiyotaka kujua majina yao.